Ngozi na Mwavuli Wake

Utokapo asubuhi kwenda shambani au sokoni, jua hukupiga wapi kwanza? Ni kwenye ngozi yako. Mji wetu wa Butembo uko karibu sana na ikweta, tena juu milimani. Kwa sababu ya baridi na mawingu, wengi hudhani jua la hapa si kali. Sivyo. Kadiri mtu apandavyo mlima, ndivyo miale ya jua izidivyo nguvu, wala mawingu hayaizuii yote.

1. Ngozi ni ukuta
Ngozi ya juu ni kama ukuta wa matofali. Matofali ni chembe ndogo zilizokauka. Udongo unaoyashikamanisha ni mafuta ya mwili. Ukuta huu huzuia maji ya mwili yasitoke na vijidudu visiingie. Ndani yake Mungu ameweka rangi nyeusi. Rangi hiyo ni mwavuli wa kukinga chembe zilizo hai.

2. Waliozaliwa bila mwavuli
Mtu mwenye ualbino amezaliwa na rangi kidogo sana, au hana kabisa. Si laana, wala si kosa la mama. Amerithi kwa baba na mama wote wawili. Ngozi yake huungua upesi, na baada ya miaka huweza kupata kansa. Kansa hiyo ikionwa mapema huondolewa. Basi, kidonda cha mdomo, sikio au shingo kisichopona kwa majuma manne, usikifunge kwa majani na kungoja. Njoo hospitali.

3. Wanaoutupa mwavuli wao
Wengine wamepewa mwavuli, nao wanautupa. Hununua krimu za kujichubua. Nyingi zina hidrokinoni, zebaki au kortizoni. Kortizoni huifanya ngozi kuwa nyembamba, hata jeraha likishonwa halifungi vema. Zebaki huharibu figo. Hidrokinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuleta mabaka meusi usoni, ambayo ni vigumu sana kuyatoa, na jua huyazidisha. Dada yangu, ulitafuta weupe, ukapata mabaka! Kama umeanza, usione haya. Njoo tukusaidie kuacha.

4. Mafuta ya kuzuia jua
Miale ya jua ni ya namna mbili. Mmoja huunguza ngozi. Mwingine huingia ndani zaidi, huizeesha na kukoleza madoa. Mafuta mazuri huzuia yote miwili. Tazama chupa: namba iwe 30 au zaidi, na pia yaandikwe UVA, kwa maana namba ni ya mwale unaounguza tu. Mafuta haya hayamfanyi mtu kuwa mweupe. Mawese na vazelini hulainisha ngozi, lakini si kinga ya kutosha. Huko Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, mafuta ya jua yaitwayo Kilisun yalianza kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Jipake robo saa kabla ya kutoka: uso, masikio, shingo na mikono. Usijipake kidogo mno. Rudia kila baada ya saa mbili, na ukitoka jasho.

5. Kama huna fedha
Kinga ya kwanza hainunuliwi ghali. Vaa kofia pana na mikono mirefu. Lima asubuhi na mapema, au jioni. Tangu saa nne hata saa kumi kaa kivulini uwezapo. Mtoto mchanga afunikwe kwa kitenge. Mtoto mwenye ualbino asitumwe kuchunga mbuzi juani mchana kutwa. Macho yake pia ni dhaifu. Mwalimu amweke mbele darasani. Wala mtu asimwite kwa jina la dharau, kwa kuwa naye ni kazi ya mikono ya Mungu.

Maswali
1. Ukuta wa ngozi hufanya kazi gani mbili?
2. Krimu za kujichubua huharibuje ngozi?
3. Ni kidonda gani kisichongojewa nyumbani?
4. Nyumbani mwako, ni nani anayehitaji kofia leo?