Hukumu ya Kodi na Malalamiko ya Raia



Yametufikia darsani masuala mengi kutoka kwa ndugu zetu wa Pumwani, Kaloleni, Shauri Moyo, Umoja na Kayole, na yote yazunguka jambo moja, nalo ni kodi na ughali wa maisha. Wako wasemao kwamba kodi hizi ni maks, yaani ule ushuru wa dhulma walioukemea wanavyuoni, na kwa hivyo ni halali kwa Muislamu kuikwepa kwa kila hila. Na wako wasemao kinyume cha hayo, kwamba kulalamika juu ya kodi ni kuzusha fitna, na kwamba raia mwema ni yule alipaye akanyamaza. Sisi twaona makundi yote mawili yameshika tawi yakaacha shina, na ndiyo sababu ya kuiandika darsa hii.

Yafaa kwanza tuujue mzigo wenyewe, kwani hakihukumiwi kitu kabla ya kujulikana. Kibarua wa Gikomba au mama muuza mboga wa Muthurwa huenda akadhani yeye halipi kodi, kwa kuwa hana hati ya mshahara wala hajapata kuandikiwa barua na ofisi ya kodi. Hayo si kweli. Kila anunuapo sukari, sabuni na mafuta ya kupikia hulipa Kodi ya Ongezeko la Thamani, nayo ni asilimia 16, imejificha ndani ya bei wala haionekani. Unga wa mahindi na mkate wa kawaida havitozwi kodi hiyo, walakini lori lililouleta unga mjini lakunywa dizeli, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliipandisha kodi hiyo juu ya mafuta ya magari kutoka asilimia 8 hadi 16. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule petroli ilipita shilingi 211 kwa lita hapa Nairobi. Hatusemi kwamba ni kodi peke yake iliyofanya hayo, maana bei ya mafuta ilikuwa imepanda ulimwenguni, na shilingi yetu ilikuwa imeshuka mbele ya dola. Insafu yataka tuyaseme haya. Lakini mtu anapokuwa amekwisha kulemewa, hafai kuongezwa gunia kichwani kwa hoja kwamba magunia ya kwanza yaliwekwa na mwingine.

Mafuta yakipanda hupanda nauli ya matatu ya kutoka Kayole hadi mjini, hupanda sukuma wiki iliyotoka Kinangop, na hupanda mafuta ya taa ya yule apikaye kwa jiko la utambi. Kodi ya namna hii haimtazami mtu hali yake. Tajiri wa Muthaiga na mjane wa Majengo hulipa sawasawa juu ya mche mmoja wa sabuni, na mche ule kwa mjane ni chakula cha mchana alichojinyima, na kwa tajiri si kitu. Ama mwenye mshahara, yeye alikatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba, ambayo kwa apataye shilingi 20,000 ni shilingi 300 kila mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Mahakama Kuu iliibatilisha tozo hiyo tarehe 28 Novemba 2023, kisha ikarudishwa kwa sheria mpya mwezi wa Machi 2024. Wengi wa wanaokatwa wamekaa katika nyumba za kupanga tangu kuzaliwa kwao, na wanauliza ni lini wao watapewa ufunguo. Suala lao si la ujinga.

Tukisha kuyajua haya, na turejee vitabuni. Mali ya mtu ni haramu kwa mwenziwe ila kwa ridhaa, na hukumu hii haimtoi mtawala. Haki ya lazima katika mali ni Zaka, nayo mafungu yake manane yametajwa katika Sura ya Tawba, wala hakuna serikali iwezayo kuyazidisha au kuyapunguza. Je, yaweza kutozwa zaidi ya Zaka? Wanavyuoni wakubwa wamejibu kwamba yawezekana, lakini hawakuuacha mlango wazi. Imamu Ghazali (aliyefariki mwaka 505 wa Hijra) ameieleza mas'ala hii katika kitabu chake cha Mustasfa, na Imamu Shatibi wa Andalusia (aliyefariki 790) ameieleza katika I'tisam. Maneno yao yakusanyika katika haya: kuwe na haja ya kweli inayowahusu Waislamu wote, kama kuulinda mji, hazina iwe haina kitu, atozaye awe muadilifu, na mzigo uwekwe juu ya matajiri. Tazama neno hili la mwisho, ewe ndugu yetu. Hawakusema uwekwe juu ya kila apitaye sokoni.

Na kisa kikubwa katika mlango huu ni cha Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliyeitwa Sultani wa Wanavyuoni. Mwaka 657 wa Hijra, sawa na 1259, Watatari walikuwa wamekwisha kuiangamiza Baghdad na sasa wanaijia Misri. Qutuz aliwakusanya maamiri na makadhi mjini Cairo ili apate fatwa ya kutoza watu mali kwa ajili ya jeshi. Hapana haja iliyo kubwa kuliko hiyo, kwani adui yu njiani na miji imekwisha kuteketea. Na juu ya hayo Sheikh hakuitoa fatwa hivi hivi. Aliwaambia kwamba jambo hilo lajuzu iwapo hazina imekwisha kabisa, na iwapo maamiri watauza kwanza mikanda yao ya dhahabu na vyombo vyao vya thamani, abaki kila askari na farasi wake na silaha yake tu, wawe sawa na watu wa kawaida. Ama kuchukua mali ya raia huku mapambo yangali mikononi mwa wakubwa, hilo alilikataa. Wakubwa wakatii, na mwaka uliofuata, mwezi wa Ramadhani, Watatari wakashindwa Ain Jalut.

Baada yake akatawala Baybars, naye akataka kodi ya vita huko Sham, na wanavyuoni wengi wakatia sahihi. Aliyekataa ni Imamu Nawawi, mwenye Minhaj tunayoisoma kila siku, mtu aliyekuwa hana chochote katika dunia. Alimkumbusha Sultani kwamba anao watumwa waliovaa mikanda ya dhahabu na wajakazi wenye mapambo, basi vitumike hivyo kwanza, na vikiisha atatia sahihi. Sultani alikasirika akamtaka aondoke Damascus, naye akaenda zake kijijini kwao Nawa. Twawaona vijana wengi wa madrasa wanaihifadhi Minhaj yote na hawakipati kisa hiki hata siku moja. Ni hasara.

Basi shina la mas'ala ni hili: wanavyuoni wetu hawakuuliza tu kodi ni kiasi gani, bali waliuliza ni nini kinachotangulia. Mapambo ya watawala hutangulia, na kodi ya raia hufuata.

Tuipime nchi yetu kwa mizani hiyo. Kenya ina deni kubwa, lililopita shilingi trilioni 10 mwaka 2024, na mkopo wa dola bilioni 2 uliochukuliwa mwaka 2014 ulikuwa wa kulipwa mwezi wa Juni 2024. Haja ilikuwa ya kweli, hatuwezi kuikanusha. Kukaletwa Mswada wa Fedha wa mwaka 2024, uliokusudiwa kuleta zaidi ya shilingi bilioni 340. Ndani yake mlikuwa na asilimia 16 juu ya mkate, asilimia 25 juu ya mafuta ya kupikia ya mimea, na asilimia 2.5 ya thamani ya gari kwa kila mwaka. Haya matatu yaliondolewa tarehe 18 Juni baada ya watu kupiga kelele, lakini mswada wenyewe ukapitishwa na Bunge tarehe 25 Juni. Siku hiyo vijana wakaingia Bungeni, na risasi zikapigwa, na watu wakafa. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo 39 hadi ilipofika tarehe 1 Julai, na miongoni mwa waliofiwa ni wazazi wa mitaa yetu hii. Kesho yake, tarehe 26 Juni, Rais alisema hatautia sahihi.

Sasa tazama lililofuata. Tarehe 5 Julai ikatangazwa kwamba mashirika 47 ya serikali yatavunjwa, kwamba bajeti za ofisi za wake wa wakubwa zitaondolewa, kwamba washauri watapunguzwa kwa nusu, na kwamba serikali haitanunua magari mapya kwa miezi 12, ila ya vyombo vya usalama. Mambo haya ni mema, na atendaye jema husifiwa. Lakini kama yaliwezekana mwezi wa Julai, kwa nini hayakuwezekana mwezi wa Mei? Sheikh Izzuddin aliweka mapambo kwanza, kodi baadaye. Kwetu kodi ilitangulia, ikafuatwa na damu, na mapambo yakatajwa mwisho. Na katikati ya mwezi ule ule wa Julai ushuru wa kutengeneza barabara ukapandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya mafuta, kwa tangazo tu la gazeti la serikali.

Huenda msomaji akasema: hii si dola ya Kiislamu, na maneno ya Izzuddin yatufaa nini? Twasema kwamba raia na serikali wamefungana ahadi, na ahadi ni lazima kutimizwa, awe umefungana na Muislamu au asiyekuwa Muislamu. Ahadi yetu ni Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 201 chataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, fedha zitumike kwa busara na kwa uwazi, na wananchi washirikishwe. Kifungu cha 210 chakataza kodi isiyowekwa kwa sheria. Kifungu cha 37 chatoa ruhusa ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila ya silaha na kupeleka malalamiko kwa wenye mamlaka. Basi amwambiaye kijana wa Umoja kwamba kulalamika ni fitna, na atwambie yeye Nawawi alifanya nini mbele ya Baybars. Na wazee wetu wa Nairobi walilijua jambo hili zamani. Mwezi wa Machi 1922, alipokamatwa Harry Thuku aliyekuwa akipinga kodi ya vichwa na kipande, watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi wakapigwa risasi, na serikali ya kikoloni yenyewe ilikiri waliokufa ni 21. Kodi ile ikapunguzwa baadaye. Tena baada ya damu!

Ama ndugu zetu wa kundi la kwanza, wanaohalalisha kukwepa, hatuwaungi mkono. Maks waliyoikemea wanavyuoni ni ile achukuayo mtoza kwa nguvu bila ya haki wala faida kwa umma. Kodi zetu zimechanganyika: ndani yake mna mshahara wa mwalimu wa mwanao na dawa ya hospitali ya uzazi ya Pumwani, na ndani yake mna ubadhirifu anaoutaja Mkaguzi Mkuu wa Hesabu mwaka hadi mwaka. Mtu hana ruhusa kuandika hesabu ya uongo, kwani uongo ni haramu kwa nafsi yake, na pengo analoliacha yeye hulipwa na yule mjane wa sabuni. Tena mfanyabiashara aliyesajiliwa, akamtoza mnunuzi asilimia 16 kisha asiipeleke, huyo hakukwepa kodi yake. Amekula amana ya mnunuzi.

Na wafanyabiashara wetu, khasa wa Islii na Gikomba, wanayo sehemu nyingine. Kodi ikipanda shilingi mbili, bei hupanda kumi, na mwenye duka husema ni serikali. Wengine husikia tetesi za kodi wakaficha sukari na mafuta stoo wapate kuuza ghali, na Mtume (S.A.W.) amemhesabu mfichaji wa chakula kuwa ni mkosa. Yeye mwenyewe, bei zilipopanda Madina na watu wakamtaka aziwekee kipimo, alikataa kwa kuchelea asikutane na Mola wake hali mtu anamdai dhulma ya mali. Aliyekataa ni Mtume. Sisi twathubutu vipi? Na waliovunja maduka ya watu katika siku za maandamano, wakabeba simu na nguo, hao wamewadhulumu walalamikao wenzao, na wanapaswa kuvirudisha vitu kwa wenyewe.

Limebaki suala la ndugu mmoja mwenye duka, aliyeuliza kama aweza kuihesabu kodi kuwa ndiyo Zaka yake, kwa kuwa yote ni mali iliyotoka. Haiwezi. Ibn Hajar al-Haytami amewakemea vikali wafanyabiashara wanaonuia Zaka wanapotoa ushuru, kwani mtoza ushuru hapokei kwa niaba ya mafakiri wala haipeleki mali hiyo katika mafungu manane. Lililo sahihi ni kwamba mwaka ukitimia ahesabu bidhaa zote za dukani kwa bei ya siku hiyo, pamoja na fedha aliyo nayo. Ile aliyokwisha kuilipa kodi kabla ya hapo haimo tena mkononi mwake wala haitolewi Zaka. Kilichobaki kikifikia nisabu, atatoa robo ya ushuri, yaani shilingi 25 katika kila elfu, na afadhali aanze na majirani wa mtaa wake mwenyewe, kwani wenye kustahiki ni wengi.