Utunzaji wa Betri Kavu

Katika pwani yetu, tangu Bagamoyo na Kaole hata Saadani, nyumba nyingi zatumia taa za sola, na umeme wa taa hizo huwekwa katika betri. Mafundi huiita "betri kavu" kwa kuwa imezibwa na haiongezwi maji. Jina hili limewapoteza wengi. Hudhani kwamba betri isiyo na maji haina haja ya kuangaliwa. Muda si muda imekufa, na mtoto aliyekuwa akisoma usiku arudi kwenye kibatari.

Yaliyomo ndani

Betri ya risasi ilivumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja hutoa volti 2 hivi. Mna mabamba ya risasi na asidi ya salfa. Katika betri iliyozibwa asidi hiyo hunywewa na nyuzi za kioo, au hugandishwa kama uji mzito. Betri ikitumika, asidi huingia katika mabamba na kuyafunika kwa chumvi ya risasi. Ikichajiwa, chumvi huondoka na asidi hurudi mahali pake. Lakini ikiachwa tupu siku nyingi, chumvi hiyo huwa ngumu kama ukoko, wala haitoki tena. Ndivyo zifavyo betri nyingi.

Kuchaji

Chaja nzuri hupandisha volti mpaka 14.4 au zaidi kidogo, kisha betri ikijaa huzishusha kuwa 13.5 hata 13.8. Volti zikizidi, maji ya asidi hugeuka gesi na kutoka katika vali ndogo. Kwa kuwa betri haifunguliwi, maji hayo hayarudi. Kwa hiyo usiunge betri na paneli moja kwa moja. Pitisha umeme katika kidhibiti chaji.

Hesabu

Tuchukue betri ya volti 12, ampea-saa 7, na taa ya wati 6. Gawanya 6 kwa 12: taa yala ampea 0.5. Gawanya 7 kwa 0.5: tunapata saa 14. Lakini betri isimalizwe; tumia nusu tu, yaani saa 7, tangu saa 12 jioni mpaka saa 7 usiku. Umetumia ampea-saa 3.5. Ukichaji kwa ampea 0.7, yaani sehemu moja ya kumi, itakuwa saa 5. Ongeza saa moja au mbili, maana mwisho wa kuchaji huenda polepole na umeme kidogo hupotea.

Mambo ya kushika

1. Ipime betri baada ya kupumzika saa kadhaa. Volti 12.8 imejaa, 12.2 yakaribia nusu; chini ya 12 ichajiwe mara moja.
2. Betri isiyotumika ijazwe kwanza, kisha ichajiwe kila miezi miwili.
3. Iepushe na joto. Kila nyuzi 10 zinazozidi 25 za sentigredi hupunguza umri wake kwa nusu, na wakati wa kaskazi mchana wetu hupita nyuzi 30. Isiwekwe karibu na bati la paa, wala ndani ya sanduku lisilopitisha hewa.
4. Hewa ya bahari ina chumvi. Futa vichwa vya betri kwa kitambaa kikavu na kuvipaka grisi.
5. Betri iliyovimba au kupasuka isichajiwe. Asidi ikikugusa, jioshe kwa maji mengi.

Jambo la mwisho ni kubwa kuliko yote. Betri iliyokufa isipasuliwe, wala risasi yake isiyeyushwe jikoni kwa kutengeneza chubwi ya mshipi. Moshi na vumbi la risasi ni sumu, nayo hudhuru akili za watoto wadogo hata ikiwa kidogo. Irudishwe kwa muuzaji anayepokea betri kuukuu.

Mwanafunzi aliyesoma haya na aanze na betri ya nyumbani kwao: aitazame imewekwa wapi, kisha awaeleze wazee kwa adabu.