Kompyuta Isiyofungwa Waya

Zamani kompyuta iliyotaka kusemezana na nyingine ilikuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba. Ilifika mwisho wa waya wake, isipite. Kati ya watu wa kwanza kuikata kamba hiyo alikuwa Profesa Norman Abramson, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Hawaii ni visiwa, na bahari imevitenga. Basi mwezi wa Juni, mwaka 1971, walianza kupeleka habari za kompyuta kwa mawimbi ya redio. Mwaka 1997 wataalamu walitoa kanuni za mitandao ya namna hiyo, ambazo ndizo msingi wa Wi-Fi hata leo.

Je, mwenye kompyuta mpakato hujiungaje? Katika nyumba au shule huwekwa kijisanduku kiitwacho ruta, kilichounganishwa na intaneti. Kijisanduku hiki hakinyamazi. Hutangaza jina lake hewani yapata mara kumi kila sekunde, kama mpiga mbiu. Kompyuta huyasikia majina yaliyo karibu, ikayaonyesha katika kioo chake. Mwenyewe huchagua jina moja, huandika nenosiri, kisha hungoja kidogo.

Katika kungoja huko lipo jambo la ajabu. Nenosiri lenyewe halipiti hewani, maana hewani yeyote aweza kusikiliza. Ruta huitolea kompyuta fumbo la hesabu, nayo hujibu kwa jibu lisilopatikana bila kulijua nenosiri. Kisha ruta nayo huthibitisha vivyo hivyo. Salamu nne hupita kati yao, na mlango umefunguka. Halafu kompyuta hupewa namba, ndiyo anwani yake, ili habari zake zisipotee njiani. Ikikosa namba hiyo, itaonyesha kwamba imeunganishwa, wala hakuna kitakachofunguka; mara nyingi dawa ni kuuacha mtandao na kujiunga upya.

Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta kuliko ya gigahezi 5, bali haya ya pili huchukua mengi kwa haraka zaidi. Chuma na maji huyazuia yote. Ruta iliyofichwa nyuma ya kabati la chuma isilaumiwe.

Lakini jina si mtu. Mwizi aweza kuketi stendi na ruta yake, akaipa jina la hoteli iliyo jirani, bila nenosiri. Msafiri hujiunga kwa furaha. Mara hutokea ukurasa unaomtaka aandike nenosiri la barua pepe au la benki. Akiandika, fedha yake imo mkononi mwa mwingine. Mtandao wa hoteli waweza kuuliza namba ya chumba. Nenosiri la benki hauna haja nalo kabisa. Mwenye busara kwanza huwauliza wenyeji jina halisi la mtandao wao, na akiisha kuutumia huiambia kompyuta iusahau, isije ikajiunga yenyewe siku nyingine na mtandao wa mwizi wenye jina lile lile.