Jiwe Likicheza, Anza na Udongo

Ukikanyaga kidato cha mlangoni kikacheza, usikimbilie dukani kununua saruji. Garsen na vijiji vingi vya bonde la Tana vimekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi hukauka ukapasuka nyufa za kupitisha kiganja. Mvua zikija hunywa maji ukavimba. Jiwe lililolazwa juu yake hupandishwa na kushushwa kila mwaka hadi mota iachie. Bado hujahesabu mafuriko, kama ya mwishoni mwa 2023 na ya masika ya 2024, yanayochota udongo chini ya msingi.

Basi ling'oe jiwe kwa mtalimbo, si kwa vidole, maana nge hupenda kulala hapo chini. Kwangua mota ya zamani kwa patasi na brashi ya waya. Chimba ule udongo mweusi kwa kina cha kama sentimita 20, ujaze changarawe na kuishindilia tabaka kwa tabaka. Mafundi wengi huiruka hatua hii kwa kuwa haionekani kazi ikiisha. Msimamie.

Mchanga wa mtoni mara nyingi una matope. Utie kwenye chupa hadi theluthi, ongeza maji, tikisa, uache ulale. Asubuhi matope yaliyotuama juu yakizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, uoshe au tafuta mwingine. Wa ufuoni Kipini usiuguse: una chumvi.

Kwa ukuta wa bustani changanya karai moja la saruji, moja la chokaa na sita ya mchanga. Utaambiwa saruji ikizidi ndiyo nguvu. Si kweli kwa mawe ya matumbawe: saruji tupu huwa ngumu kuyashinda, na ukuta ukijongea kidogo linalopasuka ni jiwe. Magofu ya Ungwana, huko huko karibu na Kipini, yalijengwa kwa matumbawe na chokaa karne nyingi kabla ya saruji kufika pwani hii, na kuta kadhaa zingalipo. Ngazi hukanyagwa kutwa, kwa hiyo mota yake iwe karai moja la saruji kwa manne ya mchanga.

Tumbawe kavu hufyonza maji ya mota kabla haijashika. Litumbukize ndooni hadi liache kutoa mapovu, ndipo ulilaze na kuligonga kwa mpini wa nyundo. Weka pima maji. Kidato kiinamie nje kidogo ili mvua isituame. Ukuta unaozuia udongo uachiwe matundu ya kutolea maji karibu na chini.

Funika kazi kwa magunia na uyamwagie maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Wiki hiyo watu wapitie mlango wa uani, na mbuzi wafungwe.