Uhuru ulikuja, kibanja cha binti kikabaki kwa ukoo

Waislamu tunapoizungumzia historia ya uhuru hatuchoki kumtaja marehemu Bibi Titi Mohamed, na hiyo ni haki yake. Mwaka 1955, mwaka mmoja tu baada ya TANU kuundwa, alikabidhiwa kitengo cha akina mama. Alipita kwenye vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam, wengi wao Waislamu, akawaingiza chamani. Swali langu: bendera ya mkoloni iliposhushwa, mama hao walipata nini?

Sisi wa Bukoba na Muleba tuna jibu chungu. Waingereza walikuwa wameziandika mila za Wahaya katika kitabu cha Cory na Hartnoll cha mwaka 1945. Mwaka 1963 serikali huru nayo ikatangaza sheria za mila: mwanamke aitumie ardhi ya ukoo akiwa hai, asiiuze. Mkoloni kaondoka, kalamu yake ikabaki.

Mwaka 1988 Bi. Holaria Pastory aliuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia, kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake akamshitaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, akashinda. Bibi huyo alipata haki yake mahakama za juu. Februari 1990, miaka 28 baada ya uhuru, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kuwa mila hiyo inapingana na Katiba.

Lakini tusiwanyooshee kidole wanasiasa peke yao. Surat Nisaa, aya ya 7, imempa mwanamke fungu lake katika mali ya wazazi, iwe kidogo au nyingi, karne nyingi kabla ya TANU na Mwingereza. Hata hivyo nimekaa kwenye hitma za Waislamu wenzangu Muleba, mirathi ikatajwa vizuri, kisha wazee wakasema: "Kibanja ni cha ukoo." Masheikh tukanyamaza, pilau likaliwa.

Funzo ni hili: harakati humhitaji mwanamke wakati wa kupigana, na humsahau wakati wa kugawana. Asiyeandikiwa haki yake mapema, huambiwa asubiri. Basi ndugu yangu, kabla ya kumsifu Bibi Titi jukwaani, mpe dada yako fungu lake.

Wabillahi tawfiq.