Jioni Njema Bila Sumu ya Mkaa

Miezi ya Juni na Julai baridi ya Mlima Meru hutushukia hadi mjini Arusha. Jioni tunakaa pamoja, vikombe vya uji wa moto mkononi, watoto wakimsikiliza bibi. Raha hiyo ni afya kwa familia.

Lakini tukifunga madirisha na kuota moto wa jiko la mkaa chumbani, tunavuta hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata. Aliyelala huweza kufa bila kuamka.

Basi, tuote moto mahali penye hewa. Kabla ya kulala tutoe jiko nje, hata kama makaa yamefunikwa na majivu, tujifunike mablanketi. Aliyezidiwa tumtoe nje upesi, tumpeleke hospitali.