Mafunzo Niliyopata kwa Kusafiri na Mbwa Milimani

Tanga nilikokulia, mbwa akikulamba ulijiosha mara saba, moja kwa udongo. Uzeeni, kwa hisani ya binti yangu anayeishi Uingereza, nimejikuta nikimshikia kamba mbwa aitwaye Chui kwenye milima ya Lake District. Wewe unayejiandaa kwenda na wako, chukua haya.

1. Uliza mbwa anaruhusiwa mpaka wapi

Nyumba ya wageni karibu na Keswick ilitangaza kwamba inapokea mbwa, tukaingia kifua mbele. Jioni tukaelezwa: baa ruksa, chumba cha kulia hapana, na kumwacha peke yake chumbani marufuku. Mimi na mke wangu tukala kwa zamu kama walinzi wa benki. Kumbe raha yote ilikuwa baa: sakafu ya mawe, bakuli la maji karibu na mlango, mbwa wa watu wamejilaza chini ya meza, na hakuna anayeshtuka isipokuwa mimi. Kabla hujalipa, uliza atakula wapi, atabaki na nani, na kama anatozwa kwa usiku. Wengi hutoza.

2. Kondoo ndio wenyeji

Chui ni mpole, nilijiambia, nikamfungua. Papo hapo akaona kondoo wa Herdwick, wale wa kijivu ambao wana wao huzaliwa weusi, akatoka mbio. Nilimwita kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, mwishowe kwa matusi ya Kidigo. Wapi! Mfugaji aliyemkamata hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi. Alinieleza tu kwamba kondoo mwenye mimba akikimbizwa anaweza kuiharibu, hata asipoumwa.

Sheria yenyewe ni hii: kwenye maeneo ya wazi ambako umma umeruhusiwa kutembea, kuanzia 1 Machi hadi 31 Julai kamba ya mbwa isizidi mita 2. Karibu na mifugo ni hivyo mwaka mzima. Na mfugaji asiyebakiwa na njia nyingine ya kuokoa kondoo wake anaweza kumpiga mbwa risasi. Tangu siku ile sibishani na kamba.

3. Mlima mfupi nao ni mlima

Catbells una mita 451. Mtu aliyezoea Usambara, yenye vilele vinavyopita mita 2,000, lazima acheke. Nilicheka mpaka karibu na kilele, penye miamba ya kupanda kwa mikono. Chui, mwenye miguu mifupi, alikaa kitako akanitazama. Nikambeba, huku watoto wa shule wakitupita. Uliza njia ina miamba mingapi na kuta ngapi za kuruka. Urefu peke yake haukwambii kitu.

4. Beba taulo lake, mkague kupe

Mataulo ya wenyewe ni meupe. Jioni mpapase nyuma ya masikio, kwapani na katikati ya vidole. Nasi pia tujikague: kupe wa kwanza wa safari yetu mke wangu alimkuta nyuma ya goti langu. Chui hakuwa na hata mmoja.